Choo cha Paka Nyumbani kwa Fundi Mahamudu

Wahenga wamesema panya wengi hawachimbi shimo. Ni wazi kwamba wahenga hao hawakuwahi kulala nyumbani kwa fundi Mahamudu, kijijini Nandagala, wilaya ya Ruangwa. Panya wa nyumba ile walikuwa wengi, na mashimo walichimba. Walichimba chini ya kitanda. Walichimba nyuma ya mtungi wa maji. Walichimba hata chini ya kizingiti cha mlango, wakawa wanaingia na kutoka kama wapangaji.

Mwaka huo ulikuwa 2003. Mahamudu alikuwa fundi seremala. Karakana yake ilikuwa banda la nyasi mbele ya nyumba. Mke wake, Nasma, alikuwa mkulima wa mahindi, mbaazi na ufuta. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, Somoe, mwenye miaka saba. Nasma alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Kila asubuhi Nasma alifagia mavi ya panya kabla ya kuwasha moto. Aliyafagia jikoni, akayafagia chumbani, akayatoa hata kwenye viatu vya Somoe vya shule. Alikuwa amechoka, na uchovu wake ulikuwa umekwisha kugeuka hasira.

Hasira hiyo ilikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia alichagua mbegu nzuri za ufuta, nyeupe, zilizojaa. Alizitia kwenye kiroba, akakifunga, akakiweka chumbani. Mvua zilipokaribia alikifungua, akakuta makapi na tundu. Ilimbidi aende Likunja kumwomba shangazi yake mbegu. Alizipata, lakini alichelewa kupanda. Ufuta ukatoka mfupi, na mavuno yakawa ya kutia aibu.

"Msimu huu mbegu zangu haziliwi," Nasma aliapa. "Panya wale mawe."

Mwezi wa nane alikwenda Marambo, upande wa Nachingwea, kumtembelea dada yake, Mwanawetu. Paka wa Mwanawetu alikuwa amezaa watoto wanne.

"Chukua huyu," Mwanawetu alimwambia. "Ana miezi miwili, ameshaacha kunyonya. Mama yake hana mchezo na panya. Huyu naye atamfuata mama yake."

Alikuwa paka mdogo mweusi, miguu ya mbele myeupe. Nasma alimbeba ndani ya kikapu kilichofunikwa kanga. Somoe alipomwona alimpa jina papo hapo. Alimwita Sungusungu, kwa sababu kazi yake ingekuwa kulinda na kukamata wezi.

Mwanawetu alikuwa ametoa onyo moja. "Wiki za mwanzo msimtoe nje. Mbwa watamng'ata, au mwewe atamchukua. Akae ndani mpaka azoee nyumba."

Nasma alifuata maneno hayo kama yalivyo. Alifunga mlango, akamwekea Sungusungu maziwa kidogo na ugali wenye mchuzi wa dagaa. Paka akala, akashiba. Hakuna aliyejiuliza kile kinachoingia kitatokea wapi.

Kesho yake mchana, Mahamudu alitoka karakana, akatawadha, akaingia ndani kuswali. Alipokanyaga mswala wake, unyayo ulilowa. Harufu ikampanda puani. Mahamudu akatoka nje na mswala mkononi, ameushika kwa vidole viwili.

"Mama Somoe," aliita. "Njoo uone kazi ya mlinzi wako."

Nasma alikuja, akatazama, akanusa.

"Amekojoa," alisema.

"Najua amekojoa. Nakuuliza kwa nini amekojoa hapa. Nyumba nzima hakuona pengine?"

Mwenyewe Nasma alikuwa amekasirika. Lakini swali hilo lilimchoma. Mwaka mzima panya walikuwa wanajisaidia ndani ya unga ambao Mahamudu anaula. Hakuna siku aliyotoka na unga mkononi kumwita mtu aje kuona. Leo paka mmoja, siku moja, kesi imeshafunguliwa.

"Baba Somoe, na wewe una choo nyuma ya nyumba," alijibu. "Umechimba mwenyewe, umeweka na mlango. Mlango huu tumeufunga. Yeye choo chake kiko wapi?"

Mahamudu alifikiri kidogo. Hakupenda kushindwa maneno na mkewe, ila alipenda sana kupewa kazi ya mbao.

"Nitamtengenezea," alisema. "Nitamtengenezea choo ambacho hata mkuu wa wilaya hana."

Akatengeneza kweli. Siku mbili aliacha kazi za watu. Alichukua mbao za mninga zilizobaki alipotengeneza kabati la mteja. Akazipiga randa na msasa. Akaunda sanduku refu kufika magotini, lenye mfuniko, na mlango mdogo ubavuni ulio juu kidogo. Mwisho akalipaka vanishi mikono miwili, mmoja juu ya mwingine. Majirani walikuja kulitazama. Mzee Abdulatifu, mwenye duka la jirani, alilizunguka mara tatu akitikisa kichwa.

"Fundi, hili ni la paka?" aliuliza.

"La paka," Mahamudu alijibu, kifua mbele.

Nasma naye hakutaka kubaki nyuma. Ndani ya sanduku alijaza maranda ya mbao kutoka karakana. Kisha akafikiria harufu. Nyumbani kulikuwa na mfuko wa salfa, ile dawa ya unga ya njano wanayopuliza kwenye mikorosho. Nasma aliona kwamba dawa inayoshinda ukungu wa mti mzima haiwezi kushindwa na mkojo wa paka. Akachota kopo moja, akanyunyiza juu ya maranda. Sanduku akaliweka pembeni mwa chumba, na kibakuli cha chakula akakisogeza karibu yake, ili Sungusungu apate kila kitu mahali pamoja.

Somoe alimbeba paka, akampitisha kwenye mlango mdogo. Kukawa kimya. Halafu wakasikia chafya. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sungusungu aliruka nje, macho yanatoka machozi, miguu yake myeupe imekuwa ya njano. Akakimbilia chini ya kitanda.

"Atazoea," alisema Mahamudu.

Hakuzoea. Siku hiyo alijisaidia nyuma ya mtungi. Siku iliyofuata alijisaidia kwenye jivu la jikoni. Nasma alisafisha, akarudi kusafisha. Kila mara alimrudisha paka ndani ya sanduku, na kila mara paka alitoka mbio akipiga chafya.

Siku ya tatu likatokea kubwa. Nasma alikuwa ameanza kuchambua mbegu za ufuta. Zilizo safi alizimwaga kwenye ungo mpana, akaziacha chumbani zikauke vizuri, maana nje kuku wangezimaliza. Alikwenda kisimani. Aliporudi na ndoo kichwani, alimkuta Sungusungu amesimama katikati ya ungo. Anachimba kwa miguu ya mbele, taratibu, kama mtu anayepanda. Alikuwa anafukia.

Nasma alitua ndoo. Alimpiga paka kofi, na paka akalia. Mahamudu alisikia, akaingia. Alipoona, alimkamata Sungusungu shingoni, akamsugua pua kwenye kile alichokifanya.

"Unanusa?" alimwambia. "Hii ni mbegu. Hii si choo."

Kisha akamgeukia mkewe.

"Basi. Mnyama huyu hana akili. Nimempa sanduku la mninga, anakwenda kunya kwenye mbegu za watu. Keshokutwa Jumapili namtia kwenye kiroba, namwacha porini huko mbele. Aende akalinde wengine."

Somoe alianza kulia. Nasma alikaa chini, akaanza kutoa mbegu zilizochafuka. Karibu theluthi ya mbegu zake ziliharibika. Alimchukia paka. Lakini kadiri alivyochambua, ndivyo alivyozidi kumchukia pia yule anayetoa hukumu.

"Kwa hiyo paka akiondoka, panya watabaki," alisema bila kuinua uso.

"Tutaweka mtego."

"Mwaka jana tuliweka mtego. Ulimnasa kuku."

Mahamudu alirudi karakana akaanza kupiga randa kwa nguvu, ingawa ubao ule ulikuwa umeshanyooka.

Nasma alielewa jambo lililo mbele yake. Paka akienda, mbegu zilizobaki zitakwenda vilevile. Atarudi Likunja kuomba, tumbo likiwa mbele. Mtu akimwaga chai juu ya mkeka hatiwi kwenye kiroba. Mtoto akikojoa kitandani hapelekwi porini. Kwa nini kiumbe kisichojua kusema ndicho kinachofukuzwa bila kuulizwa? Jambo hilo lilimkera mpaka akashindwa kula.

Jumamosi alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa, mtu alipiga hodi. Alikuwa Tadeo, bwana mifugo. Siku hiyo alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kuchanja kuku dhidi ya ugonjwa wa mdondo. Kichupa cha chanjo alikuwa amekifunga kwa kitambaa chenye maji, ndani ya mfuko wa baiskeli. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwa na haraka na mnyama wala mtu.

"Karibu, bwana mifugo," alisema Nasma.

"Ahsante, mama. Leteni kuku mmoja mmoja. Tone moja kwenye jicho, inatosha."

Walimaliza kuku kumi na wawili. Tadeo alipokuwa ananawa mikono, Sungusungu alitokeza mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu, kope zimegandamana. Akapiga chafya.

"Huyu ana nini?" aliuliza Tadeo.

"Ana ukaidi," alijibu Mahamudu kutoka karakana. "Kesho anahama."

Tadeo alimwinua paka, akamtazama macho, akamfungua mdomo, akanusa miguu yake. Alinusa tena.

"Mbona ananuka salfa?"

Nyani haoni kundule. Siku zote tatu Nasma alikuwa amemlaumu paka, amemlaumu mume, na mkono wake mwenyewe hakuwa ameutazama.

"Mimi niliitia kwenye choo chake," alisema hatimaye. "Nilitaka kukata harufu."

"Nionyesheni hicho choo."

Waliingia wote. Tadeo aliliona sanduku la mninga linang'aa pembeni. Alifungua mfuniko, akachungulia, akarudisha uso nyuma haraka.

"Fundi, hii ni kazi nzuri sana," alisema. "Mimi mwenyewe ningeweka nguo zangu humu. Lakini kwa choo cha paka haifai."

Mahamudu alikunja uso. "Haifai vipi? Hiyo ni mninga. Hata mchwa haiwezi."

"Sikatai. Sasa nisikilize. Kwanza, mlango uko juu. Mtoto huyu miguu yake urefu wake ni kidole. Anaupandaje? Pili, umeweka mfuniko. Ndani ni giza na harufu imefungiwa. Pua ya paka ni kali kuliko yetu mara nyingi. Wewe ungekubali choo chako kisiwe hata na tundu la kupitisha hewa?"

"Mimi ni mtu," alisema Mahamudu.

"Na yeye ni paka, ndiyo maana hawezi kukwambia. Tatu, mbao hunywa mkojo."

"Mninga hainywi kitu. Nimepaka vanishi mikono miwili."

"Kucha zitaikwangua vanishi. Baada ya wiki mbili mkojo umeingia ndani, na hata ukiosha namna gani harufu haitoki. Na hiyo vanishi yenyewe bado inanuka. Paka hapendi harufu kali."

Kisha akamgeukia Nasma. Sauti yake haikupanda, lakini ilikuwa nzito.

"Mama, salfa ni ya mikorosho. Inawasha macho na kifua. Huyu akikanyaga, atalamba miguu, maana paka hujisafisha kwa ulimi. Basi anaimeza. Mngeendelea hivi angeumwa sana. Mpulizaji shambani hujifunga kitambaa puani, na huyu mmemfungia nayo ndani ya sanduku."

Nasma aliona uso unamwaka. Alikuwa tayari kugombana na mumewe, na bwana mifugo, hata na Mwanawetu wa Marambo aliyewapa paka bila maelezo ya choo. Lakini hasira hii ya sasa haikuwa na wa kumwangukia isipokuwa yeye mwenyewe.

"Na mbegu je?" aliuliza polepole. "Kwa nini alikwenda kwenye mbegu zangu? Alitaka kunikomoa?"

Tadeo alicheka kidogo. "Paka hajui kukomoa. Yeye kwa asili anataka kitu kikavu, laini, kinacholegea, ambacho anaweza kuchimba na kufukia. Hebu fikiri. Ndani ya nyumba hii, ni kitu gani kinafanana na mchanga?"

Nasma aliutazama ungo. "Ufuta," alisema.

"Ufuta. Na jivu. Ndiyo maana alikwenda huko. Hakuchagua vibaya kwa macho yake. Ninyi ndio mliomwekea kibaya pale, na kizuri hapa. Na tena, nani anajisaidia karibu na sahani yake? Mmeweka chakula pembeni mwa choo."

Mahamudu alitazama chini. Somoe, aliyekuwa ameshika pindo la kanga ya mama yake, aliuliza, "Kwa hiyo hana makosa?"

"Hana," alisema Tadeo. "Na kumpiga au kumsugua pua hakumfundishi kitu. Kunamfundisha kuwaogopa, basi. Atajificha, atajisaidia mahali msipopaona. Leteni dumu bovu. Lipo?"

Lilikuwepo dumu la lita ishirini lililopasuka mdomo. Tadeo alimwomba Mahamudu msumeno. Akalilaza dumu kwa ubavu wake mpana, akaonyesha mahali pa kukata.

"Kata upande mzima wa juu. Mbele acha ukingo wa vidole vinne tu, ili aingie bila kuruka. Nyuma na pembeni acha ukingo mrefu zaidi, ili akichimba mchanga usimwagike. Aweze kugeuka ndani bila kubanwa. Akikua, mtamtafutia beseni kubwa zaidi. Hata karai la zamani linafaa, au boksi la sabuni kwa siku chache, ila boksi likilowa mlitupe."

Mahamudu alikata. Alikata akiwa amenuna, lakini fundi ni fundi. Alizipiga kingo msasa mpaka zikawa laini, zisimkate paka. Nasma alichekecha mchanga mkavu, akautandaza ndani kimo cha vidole vitatu. Hakutia kitu kingine. Dumu wakaliweka kwenye pembe tulivu nyuma ya mlango wa chumba, mbali na jiko. Chakula na maji vikahamia upande wa pili. Ungo wa ufuta ukafunikwa na kutundikwa juu.

Tadeo alimsafisha Sungusungu macho na miguu kwa maji safi ya uvuguvugu. Somoe alimpa maziwa. Alipomaliza kunywa, Tadeo alimweka ndani ya dumu, akaushika mguu wake wa mbele, akakwangua nao mchanga kidogo.

"Mfanyieni hivi kila akiamka na kila akila. Kinyesi alichofanya pengine, chukueni kidogo mkiweke humu, apate harufu yake. Akikosea, safisheni, mnyamaze. Siku tatu nne zinatosha."

Wakasubiri. Sungusungu alinusa. Alizunguka mara mbili. Akachimba, akachuchumaa, akajisaidia, akafukia. Watu wazima watatu na mtoto mmoja walikuwa wanamtazama paka akienda haja kama wanatazama mechi. Hakujali.

"Subhanallah," alisema Nasma.

"Sasa kazi ya kila siku," aliendelea Tadeo. "Kinyesi kizolewe kila siku, kisilale. Kifukiwe kwenye shimo, mbali na kisima na bustani ya mboga. Mara moja kwa wiki mchanga wote umwagwe shimoni, dumu lioshwe kwa sabuni na maji ya moto, likauke, litiwe mchanga mpya. Anayesafisha anawe mikono kwa sabuni. Ni nani atakuwa anasafisha?"

"Mimi," alisema Nasma. "Nani mwingine?"

Tadeo alilitazama tumbo lake.

"Hapana, mama. Wewe usiguse."

"Kwa nini?"

"Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mtu mzima mwenye afya vikimwingia, mara nyingi hata hajui. Lakini vikimpata mama mjamzito kwa mara ya kwanza, vinaweza kumfikia mtoto tumboni. Mimba inaweza kuharibika. Au mtoto anaweza kuzaliwa na matatizo ya macho au ya ubongo. Paka mwenyewe usimwogope, mpapase tu kisha unawe. Kinyesi ndicho cha kukaa nacho mbali. Na ndiyo sababu nasema kizolewe kila siku. Kinyesi kibichi hakina madhara hayo bado. Kikikaa siku moja na zaidi ndipo vijidudu vinakomaa. Na huyu mtoto naye bado mdogo, asiachiwe kazi hiyo."

Ndani ya nyumba ile, ukimtoa Nasma na ukimtoa Somoe, alibaki mtu mmoja.

"Mimi?" alisema Mahamudu. "Mimi fundi Mahamudu nizoe mavi ya paka? Watu wanapita hapa wananiona?"

Hapo ndipo Nasma alipochemka. Kwa siku tano alikuwa amelimeza neno, sasa likatoka.

"Baba Somoe, nisikilize. Ulikuwa tayari kesho kubeba paka mzima mpaka porini. Watu wangekuona, hukuona aibu. Kubeba kijiko cha mavi mpaka shimoni, hapo nyuma tu, ndiyo aibu? Mimi mavi ya panya nimefagia mwaka mzima. Leo naambiwa mtoto wako aliye tumboni anaweza kuzaliwa haoni, na wewe unafikiria wapita njia."

Mahamudu alimtazama Tadeo, akitafuta msaada wa mwanamume mwenzake. Tadeo alikuwa anafunga mfuko wa baiskeli, tena kwa utulivu mkubwa.

"Kwangu nazoa mimi," alisema Tadeo bila kugeuka. "Mikono bado ninayo."

Jumapili ilifika na Sungusungu hakwenda popote. Asubuhi Mahamudu alikata kopo la maziwa ya unga, akalifanya kijiko kirefu chenye mpini wa mti. Alizoa mbio mbio, akiangalia huku na huku kama mwizi. Alichimba shimo nyuma ya choo, akalifunika kwa ubao. Lile sanduku la mninga akaliosha, akalianika siku nyingi juani, na Somoe akaweka humo madaftari yake.

Siku ya sita Mahamudu alipata kazi ya meza, akasahau kuzoa. Siku ya saba vilevile. Siku ya nane akaona kinyesi nyuma ya mlango, hatua moja kutoka kwenye dumu.

"Mama Somoe," alianza kuita, "huyu mnyama amerudia..." Kisha akatazama ndani ya dumu. Mchanga ulikuwa umejaa, hapana hata pa kuweka mguu. Nasma alikuja, akasimama, akatazama dumu, akamtazama mumewe. Mahamudu alikwenda kuchukua kijiko.

Tangu siku hiyo hakusahau tena. Na alipoacha kujificha, aligundua kwamba wapita njia wana shughuli zao.

Macho ya Sungusungu yalipona. Mwezi wa kumi alimkamata panya wake wa kwanza, akamleta katikati ya chumba, akamweka mbele ya Nasma. Baada ya huyo walikuja wengine. Waliobaki walihama wenyewe. Mashimo yalizibwa kwa udongo na hayakufunguliwa tena.

Desemba Nasma alijifungua mtoto wa kiume, Yunusi, mzito, mwenye macho yanayofuata taa. Mvua zilipokaa sawa mwezi wa kwanza, kiroba cha ufuta kilifunguliwa. Hakuna mbegu iliyokuwa imeguswa. Nasma alikuwa bado ndani ya arobaini, kwa hiyo Mahamudu na Mwanawetu, aliyekuja kutoka Marambo, ndio waliopanda. Walipanda kwa wakati, na ufuta ukaota mistari yote.

Siku moja Mzee Abdulatifu alifika karakana. Binti yake, aliyekuwa mjamzito, alikuwa ameletewa paka mdogo.

"Fundi," alisema, "nataka sanduku. Kama lile lako la mninga, lenye mfuniko na vanishi. Mgeni akiingia aone kitu."

Mahamudu aliweka randa chini.

"Hilo sitengenezi."

"Unakataa kazi? Nitakulipa kamili."

"Ningechukua hela yako, ningekuwa nimekuibia," alisema Mahamudu, na sauti yake ilianza kupanda. "Mzee, paka haingii ndani ya kabati. Unataka mgeni aone kitu, paka yeye ataona nini? Ukimwekea kitu asichokiweza, akinya kwenye mchele wako utasema ni mchafu. Uchafu utakuwa wako. Mimi lile sanduku lilitaka kunilia mbegu za shamba zima, na kidogo nimwue mnyama bure. Lete dumu bovu. Nitakukatia sasa hivi, sitaki kitu."

Abdulatifu alishangaa. Hakuwahi kumwona fundi akitukana sanduku lake mwenyewe. Alituma dumu liletwe, akakaa kwenye benchi akitazama likikatwa. Mahamudu alimweleza ukingo wa mbele, mchanga, mahali pa kuweka, yote. Mwisho mzee akakuna kichwa.

"Na kuzoa? Maana binti yangu ndiye mwenye paka."

"Binti yako asiguse," alisema Mahamudu. "Ana mtoto tumboni."

"Mke wangu mgongo unamuuma. Sasa nani?"

Mahamudu alimkabidhi dumu, kisha akaitazama mikono yote miwili ya mzee, ule wa kulia na ule wa kushoto, kwa muda mrefu kidogo.

Mzee Abdulatifu aliitazama na yeye. Halafu akalitia dumu kwapani, akaaga, akashika njia ya nyumbani kwake.